Kumsoma mpinzani kabla ya mechi ya NCAA: acha pointi, hesabu mashambulizi

Swali ni namna ya kumsoma mpinzani kwenye mashindano ya NCAA ya wanaume, yaani ya mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, ambako ukishinda Alhamisi unacheza tena Jumamosi. Muda haupo, kwa hiyo chagua cha kuangalia.

Wastani wa pointi kwa mechi unadanganya. Timu inayofunga 80 katika mashambulizi 80 (shambulizi ni kila zamu ya kumiliki mpira) ni butu kuliko inayofunga 68 katika 62. Kupata idadi ya mashambulizi, chukua mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za kushambulia (mipira wanayoidaka tena baada ya kukosa), jumlisha mipira waliyopoteza, kisha ongeza mitupo huru mara 0.475. Mitupo 60, ribaundi 10, mipira 12, mitupo huru 20: jibu ni 71.5. Gawa pointi kwa hilo, zidisha kwa 100. Zile wanazofungwa nazo zipigie hesabu hiyohiyo.

Kwenye pointi tatu ndiko wengi wanakoteleza. Usivutiwe na asilimia ndogo ambayo wapinzani wao wanaingiza kutoka mbali, maana humo mna bahati nyingi. Angalia wanaruhusu mitupo mingapi ya mbali. Mwaka 2018 chuo cha Virginia, waliopangwa namba 1 katika kundi lao, walipigwa 74-54 na chuo cha UMBC waliopangwa namba 16, ya mwisho. Ulinzi wa Virginia ulijazana ndani, na UMBC wakaingiza 12 kati ya 24 kutoka mbali. Tena Virginia walicheza polepole, na mashambulizi yakiwa machache, bahati ya usiku mmoja inapata uzito mkubwa. Halafu De'Andre Hunter, mchezaji wao, alikuwa nje kwa jeraha la mkono, ilhali takwimu za msimu zilikuwa na mchango wake. Kagua orodha ya majeruhi kabla ya kuamini jedwali lolote!

Video: mechi tatu zinatosha, mojawapo iwe waliyofungwa na timu yenye umbo kama lenu. Andika nani anapewa mpira zikibaki sekunde 5 kati ya zile 30 za kila shambulizi, wanaendesha nini baada ya kocha kuomba mapumziko, na wanauingizaje mpira uwanjani kutoka nyuma ya mstari chini ya kikapu.

Mrefu anayezuia mitupo hapitwi kwa kurusha juu zaidi. Februari 2009 Hasheem Thabeet wetu wa chuo cha UConn, mita 2.21, alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20. Blair aliegemea nguvu za mwili na kuwahi nafasi, akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23, na UConn wakalala 76-68.

Mwisho, orodhesha wabovu wa mitupo huru. Kuanzia faulo ya 7 ya timu yenu katika kipindi, mpigaji anapata mtupo wa pili akiingiza wa kwanza tu. Ikifika ya 10 anapewa miwili moja kwa moja. Kwa hiyo mchezaji wa asilimia 50 mfanyie faulo kati ya ya 7 na ya 9, siyo baadaye.