Baiskeli nyeusi yenye breki za vyuma, maandishi yamefutika: ni ya kampuni gani?

Ndugu unayetaka kujua kampuni ya baiskeli yako kuukuu na kuipaka upya, rangi mpya isubiri. Ukipaka sasa utafunika ushahidi wote, na wapenda vya kale huthamini zaidi rangi ya asili hata ikiwa imechakaa.

Anza na sproketi kubwa ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo), maana Waingereza walikata alama zao humo humo. Ukiona vichwa vya korongo ni Raleigh. Vijitu vilivyojipanga duara ni Humber. Herufi BSA zinajieleza: ni kampuni ya jina hilo. Halafu futa habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ikiwa ni Sturmey-Archer AW ya giya tatu, tafuta tarakimu ndogo: 56 na 3 ni Machi 1956. Huo ni umri wa habu tu. Gurudumu huenda lilibadilishwa, kwa hiyo linganisha na namba ya fremu, mara nyingi chini ya kiti. Usitumie brashi ya waya hapo, itaila.

Kotapini za kranki, yaani pini zinazokaza mikono ya pedeli, ndizo zitakusumbua. Ziloweshe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, acha nati ilingane na ncha ya uzi, kisha zisukume kwa jiriwa. Nyundo bila kuegemeza kranki hupinda pini na kuumiza beringi.

Tairi nazo: soma ubavuni. 28 x 1½ ni 635 (kipenyo cha tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita), haiingiliani na 622 ingawa zote huitwa 28.

Ukiona ufa kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) au maungio ya fremu, usiipande kabla fundi hajaikagua.