Kwa maafisa lishe wapya: kabla hujamwandikia mtu mlo wa kalori 800 kwa siku

Mgonjwa akirudi kliniki amepungua kilo nne ndani ya wiki mbili, mpongeze, ila mwambie pia ni nini kimetoka. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Chakula kikikatwa ghafla, akiba hiyo ndiyo inayotangulia kutumika, na maji yake yanaishia chooni. Usipomweleza mapema, wiki ya nne mzani ukishuka nusu kilo tu ataamini dayati imegoma. Wengi wanaotoroka kliniki wanatorokea hapo.

Hilo jepesi. Zito ni la kichwani, nalo vyuoni hupitiwa harakaharaka kwenye somo la homoni, mtihani ukiisha limesahaulika.

Mafuta ya mwilini yanatoa homoni iitwayo leptini. Timu ya Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ndiyo iliyopata jeni yake mwaka 1994. Kazi ya leptini ni kuipa taarifa haipothalamasi, kipande kidogo kilicho chini ya ubongo, kwamba akiba ipo au akiba inapungua. Mwenye unene uliokithiri ana leptini tele, ila ubongo wake hauipokei ipasavyo. Sasa mpunguzie chakula. Leptini inaporomoka upesi kuliko mafuta yenyewe, huku grelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ikipanda. Mama aliyekuwa na kilo 110 akafika 100, wewe unamwona bado mnene. Ubongo wake unahesabu kilo kumi zilizopotea, na unamdai.

Na deni hilo haliishi upesi. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliwachukua watu 50 wenye uzito uliozidi wakawaweka wiki 10 kwenye mlo wa kalori 500 hivi kwa siku. Waliofika mwisho walipungua kwa wastani wa kilo 13 na nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2011: mwaka mzima baada ya kupungua, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na watu wenyewe walisema wana njaa kuliko siku walipoanza. Ukilijua hili huwezi tena kumwambia mtu aliyerudisha kilo sita kwamba hana nia. Nimeshasikia maneno hayo yakisemwa mbele ya foleni, na mama wa watu akatoka ameinamisha kichwa. Hakurudi.

Kwa hiyo kila ziara, kabla hujamuuliza amekula nini, muulize njaa inambana saa ngapi. Jibu lake ndilo ramani yako. Kuna mama lishe mmoja aliyejaza daftari lake vizuri kabisa: chai kavu asubuhi, mchana ugali kidogo na matembele, usiku mtindi. Mzani haukusogea. Nikamuuliza, "Mama, ukipika unaonja mara ngapi?" Akacheka. "Mwanangu, nisipoonja chumvi nitaijuaje?" Akaanza kuhesabu: mchuzi wa nyama, wali wa nazi, kipande cha chapati ya kwanza kuangalia kama imeiva, vitumbua viwili vilivyovunjika maana mteja hanunui kilichovunjika. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na kwenye kuonja kwake mafuta yalikuwamo ya kutosha. Hakuwa anadanganya. Kwake kuonja ni kazi, si kula.

Mtu kama huyo ana tabu mara mbili, kwa sababu kupunguza uzito kunabadilisha hata namna ubongo unavyokitazama chakula. Watafiti wa Marekani waliwapiga watu picha za ubongo za MRI kabla na baada ya kupungua, huku wakionyeshwa vyakula. Baada ya kupungua, sehemu zinazohusika na hamu na raha ya chakula zilichangamka zaidi, na zile za kujizuia zikapungua kasi. Walipodungwa leptini ya kurudishia pengo, mabadiliko mengi yalijirekebisha. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa, kwa mtu aliye kwenye wiki ya nane ya dayati, haiingii kama inavyoingia kwako uliyetoka kunywa supu. Mama yule hatukumwongezea nidhamu. Tulipanga ale mlo wake kamili kabla hajawasha jiko, na chumvi aonje binti yake.

Mtakutana pia na habari kwamba dayati "inabadilisha ubongo na utumbo". Nyingi zinatokana na utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2023: watu 25 wanene, ulaji wa kupunguza kalori kwa vipindi, wakapungua kama kilo saba na nusu. Shughuli za ubongo zilibadilika kwenye maeneo ya kudhibiti hamu, na bakteria wa utumbo nao wakabadilika. Ni kazi nzuri, lakini watu ni 25 na hawakuwa na kundi la kulinganisha nao. Usiuzie mgonjwa dawa ya kubadilisha bakteria wa utumbo kwa sababu ya hilo.

Upande wa mwili, mtajua kwamba matumizi ya nishati hushuka kuliko upungufu wa kilo unavyoeleza. Mfano unaotajwa sana ni wa mtafiti Kevin Hall, aliyewafuatilia washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito Marekani. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Lakini hao walipungua kwa mazoezi ya kufa mtu. Mimi namba ile siitaji mbele ya mgonjwa, maana itamvunja moyo bure. Namwambia tu kwamba sahani ya kilo 95 haiwezi kuwa sahani ya kilo 110, hata baada ya kumaliza.

Ila msitoke hapa mkiogopa dayati. Utafiti wa DiRECT wa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, matokeo yake ya kwanza 2017, uliwapa wenye kisukari aina ya 2 ambao ugonjwa wao haukuzidi miaka sita mlo maalumu wa kalori kama 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila dawa yoyote ya kisukari. Mwaka wa pili, asilimia 36. Hayo si mambo madogo. Angalia lakini walivyofanya: dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza chini ya uangalizi, chakula cha kawaida kikarudishwa kwa hatua, na watu wakafuatiliwa kwa muda mrefu.

Hapo kwenye dawa ndipo penye hatari yetu. Mtu anayetumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, au insulini akijikatia mlo kwa ushauri wa jirani, akabaki na maji ya ndimu na tango, dozi ikabaki ileile, sukari itamshuka: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kukorogeka, pengine aanguke kituo cha daladala na watu waseme amelewa. Kupunguza dozi si kazi yako. Kazi yako ni kumpeleka kwa daktari kabla hujampa karatasi ya mlo. Na vidonge vya presha vilevile, kizunguzungu cha kuinuka ghafla kikianza.

Maji ya ndimu na tango yana shida nyingine: hayana protini. Anayepungua hupoteza na misuli, na akikosa protini huipoteza zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani kulikuwa na vifo vya watu waliokuwa wakinywa protini duni tu kwa wiki nyingi. Mioyo yao ilivurugika mapigo. Dagaa, maharage, mayai, mtindi: hivyo vibaki hata sahani iwe ndogo namna gani. Anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, muulize kuhusu maumivu ya juu kulia ya tumbo baada ya kula, kwa sababu kupungua haraka hutengeneza mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Mwisho, kadi ya miadi. Kliniki nyingi hujaza ziara za miezi mitatu ya kupungua, kisha nafasi inabaki wazi. Jaza mwezi wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili siku ileile ya kwanza, kwa kalamu, na umwambie kwamba ziara hizo si za kumkagua kama amerudisha kilo. Njaa yake bado itakuwapo, na mtaipangia pamoja.