Dada anataka tununue kondo Tahoe, nitume hela?

Shikamoo Anti. Mimi nina duka la hadwea Majengo, Moshi. Mdogo wangu wa kike ni nesi Sacramento, California, mwaka wa tisa sasa. Ameona kondo, yaani nyumba ya kumiliki ndani ya jengo la wengi, ya vyumba viwili South Lake Tahoe, mji wa ziwa uliopo chini ya mlima ambapo watu wanateleza kwenye theluji, bei dola 430,000. Mkopo wa benki anapata ila kianzio kimepungua, anataka nimwongezee dola 40,000 tuwe wabia, afu tupangishe wageni wa wikendi na eti itajilipa yenyewe. Kwenye tangazo kuna kitu kinaitwa HOA, dola 650 kwa mwezi, nilivyomuuliza akasema hiyo ni ya usafi tu. Mzee wetu anasema mali nje ya kihamba, shamba la ukoo, ni upepo. Nitume? Mangi wa Majengo.

Marahaba Mangi wangu. Hiyo "ya usafi tu" imenichekesha, maana kabla sijarudi Arusha niliishi Reno, mji wa jirani na hilo ziwa, miaka sita na wikendi nilikuwa nasafisha kondo za wageni huko huko Tahoe, hela ya mopu naijua na wala haikufika huko!

HOA ni chama cha wenye vyumba wote wa hilo jengo, ukinunua umeshakuwa mwanachama utake usitake. Ndo kinaondoa theluji, kinakatia bima jengo zima, kinaezeka paa na kuweka akiba, na usipolipa wanaweza kukufikisha mahali chumba chako kikauzwa. Yaani ni kama kikoba ambacho hukuchagua wenzako na vikao vyake huhudhurii. Sisi huku tumezoea kiwanja, ukishaona bikoni na hati ina jina la muuzaji roho inatulia, ila kule cha kwako ni huko ndani tu, paa na ngazi na kuta za nje ni za wote na zikioza mnachangishwa wote.

Na zinaoza kweli. Mwaka 2015 roshani ilianguka Berkeley wakafa vijana 6, baadaye California ikatunga sheria kwamba roshani za mbao za majengo ya kondo zikaguliwe, ukaguzi wa kwanza uwe umeshafanyika ifikapo 1 Januari 2025. Sasa fikiria Tahoe, roshani imelaliwa na theluji wiki kwa wiki, mbao zinakunywa maji. Chama chenye akiba kavu kikipewa ripoti mbaya kinafanyaje, kinawaletea mchango wa mkupuo, na huo haumo kwenye zile 650. Kuna mama mmoja nilimkuta analia jikoni kwake barua mkononi, kanunua Oktoba, mchango wa paa umekuja Februari, kumbe kwenye minutes, yaani kumbukumbu, za kikao cha kiangazi hilo paa lilishajadiliwa kurasa mbili nzima. Hakuzisoma. Na sheria ya California inampa mnunuzi haki ya kudai kwa muuzaji minutes za miezi 12, bajeti ya chama na hesabu ya akiba, ni kudai tu.

Tupige hesabu basi. 650 mara 12 ni 7,800. Kodi ya mali inaanzia asilimia 1 ya bei mliyonunulia, weka 4,300. Hapo ni dola 12,100 kwa mwaka na hata mkopo hujaugusa, wala bima yenu ya ndani, wala kupasha joto. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,900 juu ya bahari, unaweza kusema geti la Marangu, ila Marangu mabomba hayagandi yakapasuka.

Kujilipa yenyewe sasa. Kuanzia theluji inapoyeyuka mpaka watu waanze kuogelea, na tena Oktoba na Novemba, mimi nilikuwa nakosa kazi kabisa, vyumba vitupu. Afu sheria zenyewe hazitulii: mwaka 2018 wapiga kura wa huo mji walipitisha Measure T, pendekezo la kupigiwa kura, kuzuia upangishaji wa muda mfupi kwenye mitaa ya makazi, mwaka 2025 mahakama ikaitengua, mji ukaanza kutunga kanuni upya. Na hata mji ukiruhusu, chama chenu kinaweza kukataza wageni wa chini ya siku 30, na hilo ndo la kuuliza kabla ya yote. Bima nayo imekuwa kesi tangu ule moto wa msituni wa Caldor, Agosti 2021, mji mzima ukaambiwa uhame. Mei 2023 State Farm, kampuni kubwa ya bima, waliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba California nzima, na bima ya jengo ikipanda hiyo 650 inapanda nayo.

Hela yako je? Jina lako lisipokuwa kwenye hati, umetoa zawadi. Likiwemo, siku mnauza, kwa vile wewe si raia wala mkazi wa kule, wanashikilia asilimia 15 ya fungu lako la bei mpaka mambo ya kodi yakae sawa, na ukifa (Mungu apishe mbali) kodi ya mirathi kule inamsamehe mgeni dola 60,000 tu za mwanzo. Huku nako anza na benki yako, kutoa hela kununua mali nje kuna masharti.

Mimi nisingetuma kama mbia. Dada akiwa anaitaka ya kulala mwenyewe, Sacramento hadi pale ni kama Moshi kwenda Arusha na kurudi, mkopeshe kiasi ambacho duka halitayumba, kwa maandishi. Ila kwanza akutumie hizo minutes, tena ukimaliza kuzisoma niandikie, nataka kujua kuhusu paa.

Anti, mimi wa Njiro, Arusha. Nikinunua kondo Marekani napewa viza? Asante.

Hupewi. Utakuwa na nyumba kule na bado utapanga foleni ya viza kama sisi wengine.