Maswali ya Wasomaji: Kabla Kipyenga cha Msimu Hakijapulizwa

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa mpira wa Arusha na Moshi, nazo zimekuja wakati wake: timu ziko kambini au ziko mlangoni kuingia. Tumechagua sita.

Kukimbiza milima

*Shikamooni wakubwa. Ni kocha msaidizi wa timu ya Ligi ya Championship. Tuna wiki tano kabla ya mechi ya kwanza, na wachezaji wamekaa nyumbani karibu miezi miwili. Kila mwaka tunaanza kwa kupandisha barabara ya Kibosho alfajiri, siku sita mfululizo, ili wapate pumzi. Na kila mwaka ikifika wiki ya tatu, nusu ya kikosi wamekaa pembeni na barafu mapajani. Tunakosea wapi? – Kocha msaidizi, Moshi*

Marahaba, mwalimu. Kupanda hakuna ubaya mkubwa. Kinachokuumizia kikosi ni mteremko wa kurudi. Mchezaji anaposhuka kwa mbio, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku imekaza, hatua kwa hatua, kilomita baada ya kilomita. Nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na maumivu yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye. Aliyeshuka Jumatatu anakuwa mzito kabisa Jumatano, na Jumatano hiyo ninyi mnampandisha tena. Anaanza kukwepa maumivu, mwendo wake unabadilika, mzigo unahamia nyuma ya paja na kwenye kano ya kisigino, na hapo ndipo anapochanika. Kama mlima mnaupenda sana, pandeni mara moja kwa wiki, na Kosta iwasubiri juu iwarudishe.

Halafu kuna suala la usawa. Wiki tatu au nne za kukaa tu zinatosha kushusha pumzi ya mchezaji, lakini haishuki sawa kwa wote. Aliyekuwa akicheza ndondo kila Jumapili hayuko sawa na aliyekuwa akizunguka harusini. Ukiwakimbiza kundi moja kwa mwendo mmoja, wa kwanza hafanyi kazi yoyote na wa pili unamuua. Kwa hiyo pima kwanza.

Kipimo rahisi ni mbio za dakika 6, kila mtu akimbie umbali wote anaoweza. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 ukikizunguka kwenye mistari ni mita 346, basi hesabu mizunguko na mita za mwisho. Kona zinakata mwendo kidogo, ila zinakata kwa wote. Gawanya umbali kwa sekunde 360. Aliyekimbia mita 1,620 ana mwendo wa mita 4.5 kwa sekunde. Aliyekimbia 1,440 ana mita 4.0. Sasa wape sekunde 15 za kukimbia na 15 za kupumzika, kwa asilimia 110 ya mwendo wa kila mmoja: koni ya wa kwanza inakaa mita 74, ya wa pili mita 66. Wanaanza pamoja, wanafika pamoja, na wote wamefanya kazi sawa kadiri ya miili yao. Mara 12 ni seti moja ya dakika 6. Piga seti mbili, katikati dakika 3 za kupumua. Mara mbili kwa wiki inatosha, na baada ya wiki tatu pima upya usogeze koni.

Kazi iliyobaki ifanyike na mpira. Wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 40 kwa 30, dakika 4 mara nne, pumziko la dakika 3, itakupa pumzi ya mechi yenyewe pamoja na kugeuka na kukabana. Usianze nayo siku ya kwanza lakini. Kugeukageuka kwingi kunakula nyonga ambazo hazijazoea. Iingie mwishoni mwa wiki ya kwanza. Mbio kali za mita 20 hadi 30 ziingie wiki ya pili, nne au tano tu, na ziongezeke polepole. Kuziacha kabisa ni hatari vilevile, maana straika atakayekimbia kwa nguvu zote kwa mara ya kwanza siku ya mechi ndiye atakayetoka kwa machela.

Mzigo wa wiki uandikwe. Nusu saa baada ya mazoezi muulize kila mchezaji, peke yake, si mbele ya wenzake: kati ya 0 na 10, kazi ya leo ilikuwa nzito kiasi gani? Zidisha kwa dakika. Dakika 70 kwa uzito wa 5 ni 350; vipindi vitano vya namna hiyo ni 1,750 kwa wiki. Wiki ya pili nenda 2,000, ya tatu 2,300, ya nne rudi 2,000, ya tano shuka 1,500 ili miguu iwe myepesi. Ukiona mtu ameruka kutoka 1,700 hadi 2,800 ndani ya wiki moja, mpunguzie kabla hajaumia.

Mechi za kirafiki: ya kwanza mwisho wa wiki ya pili, vikosi viwili vya dakika 45 kila kimoja, na mpinzani awe wa kawaida. Wiki ya tatu dakika 60. Mwisho wa wiki ya nne wale kumi na mmoja wako wacheze 90 kamili dhidi ya timu ngumu.

Nyama za nyuma ya paja

*Nacheza winga. Msimu uliopita nyama za nyuma ya paja zilinikamata mara mbili. Nikipona narudi, nikikimbia zinakata tena. – Winga, Sakina, Arusha*

Ndugu yetu, aliyewahi kuchanika hapo ana nafasi kubwa ya kuchanika tena, hasa akirudi kwa sababu tu maumivu yameisha. Maumivu huisha kabla nguvu haijarudi. Zoezi lililothibitika kupunguza majeraha haya, kwa karibu nusu kwenye timu zinazolifanya kwa uaminifu, ni hili: piga magoti kwenye kitu laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu vizuri, kisha jiangushe mbele polepole ukiwa umenyooka kama ubao, ukizuia anguko kwa nyuma ya mapaja mpaka nguvu iishe, udake chini kwa mikono.

Wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za mara 5. Wiki ya pili siku mbili, seti 2 za mara 6. Wiki ya tatu siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Ya nne, seti 3 za mara 8 hadi 10. Ligi ikianza usiache. Mara moja kwa wiki inalinda ulichojenga. Lifanye baada ya mazoezi, na kamwe si siku ya kabla ya mechi. Wengi wanakosea kiunoni: wanakunja nyonga, makalio yanabaki nyuma, na zoezi linageuka kuwa kuinama tu. Jiangalie kwenye video ya simu. Wiki ya kwanza utaumwa siku mbili, hiyo ni kawaida. Maumivu ya ghafla kama kisu si kawaida, acha umwone daktari wa timu.

Hewa ya Arusha

*Timu za Dar zikija kuweka kambi huku, mtaani wanasema zinafuata hewa nyepesi ili damu iongezeke. Ni kweli? Na mbona sisi tunaoishi hapa hatuzifungi? – Shabiki, Ngarenaro*

Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ili mwili uongeze chembe nyekundu za damu kwa kiasi cha maana, unahitaji kuishi mita 2,000 hadi 2,500 kwa wiki tatu au nne. Siku kumi za hoteli mjini Arusha haziwezi. Wanachokipata hasa ni baridi ya Julai. Mwili usiochemka unafanya kazi ndefu na kali zaidi, unalala vizuri, unakula vizuri. Hiyo ni faida ya kweli.

Ila ina bei yake, na inalipwa na timu zetu kuliko zao. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za kutokwa jasho ili kuzoea joto na unyevu: jasho lianze mapema, maji ya damu yaongezeke, moyo usipige mbio ovyo. Timu iliyojiandaa kwenye ubaridi wa Arusha, ikashuka Dar kwa basi usiku mmoja, inakata pumzi dakika ya 60, na watu wanasema wachezaji hawajitumi. Si haki kuwasema hivyo. Dawa ni kuhamisha baadhi ya vipindi vya wiki mbili za mwisho kwenda saa 8 mchana, au kushuka Moshi, kilomita 80 tu, ambako ni chini zaidi na kuna joto.

Mzani nao utumike. Mchezaji wa kilo 72 akimaliza na kilo 70.6 amepoteza 1.4, karibu asilimia 2 ya uzito wake, na kuanzia hapo kichwa na miguu vinaanza kuchelewa. Alipe lita 1.5 kwa kila kilo, yaani lita 2.1, taratibu hadi usiku. Kwenye baridi kiu haimwambii kitu, ndiyo maana tunasisitiza mzani.

Kuhusu mpira wenyewe: hewa ya hapa ni pungufu kwa takribani asilimia 13 kuliko ya pwani, hivyo mpira mrefu unakwenda mbali zaidi na shuti linafika mapema. Kipa mgeni anadanganyika. Wenyeji mngepiga mashuti ya mbali dakika 20 za kwanza mngefaidi zaidi kuliko kusubiri wachoke.

Chakula cha kijana wa kambini

*Mwanangu ana miaka 19, kilo 70, ameitwa mazoezini na timu kubwa kidogo. Anadai anunuliwe unga wa protini wa dukani. Uwezo huo sina. – Mama, Usa River*

Mama, hauhitajiki. Kijana wa kilo 70 kwenye mazoezi haya anahitaji protini kama gramu 112 kwa siku. Mayai mawili ni gramu 12. Glasi tatu za maziwa au mtindi, 24. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Nyama iliyopikwa gramu 150, kama 39. Unga wa ugali gramu 300 unaleta zaidi ya 20. Zimetimia, na zote ziko jikoni kwako. Siku nyama haipo, ongeza dagaa.

Vijana wengi wa kambini wanapungukiwa wanga kuliko protini. Wanaogopa ugali wasije wakanenepa, kisha miguu inaisha nguvu kipindi cha pili. Ndizi, viazi, wali, ugali, vyote ale, hasa siku za vipindi viwili. Kinachohitaji uangalifu ni saa. Kiburu na makande ni chakula kizuri sana, lakini maharage yanakaa tumboni. Yawe ya usiku. Mazoezi yakiwa saa 10 jioni, ale saa 7 mchana wali au ndizi na mboga kidogo, na saa 9 ndizi mbivu moja. Mtori unafaa sana akirudi: una wanga, nyama, chumvi na maji ndani ya bakuli moja.

Vipimo vya moyo

*Uongozi unasema vipimo vya afya vitafanyika wiki ya tatu, fedha ikitoka. – Katibu wa klabu, Moshi*

Ndugu katibu, hapana. Vifanyike kabla ya mbio ya kwanza. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akafariki. Moyo wake ulikuwa na tatizo ambalo mtu huishi nalo bila kujua. Maswali mawili hayagharimu kitu: umewahi kuzimia ukikimbia? Kuna ndugu yako aliyekufa ghafla akiwa kijana? Akijibu ndiyo, asikimbie hadi apimwe moyo hospitali ya rufaa, na hapo KCMC mnayo jirani. Watu wawili wa benchi wajifunze kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6.

Boza moja la maji

*Natunza kiwanja. Golini ni vumbi tupu. Napewa boza moja la lita 10,000 kwa wiki, namwaga kote, hakuna kinachobadilika. – Mtunza kiwanja, Arusha*

Hesabu inakukatalia, mzee wetu. Kiwanja ni mita za mraba 7,140. Boza lako likimwagwa kote linatoa milimita 1.4, jua la saa nne linalikausha lote. Mzizi wa ukoka unataka kama milimita 25 kwa mara moja. Basi acha pembeni. Vile visanduku vidogo viwili vya golini ni mita za mraba 201, vinakula lita 5,000 na kupata milimita zao 25. Lita 5,000 zilizobaki zipeleke duara la katikati, zitatoa milimita 19. Mwaga jioni, siku mbili kabla ya mechi, ardhi ishike.

Kupanda vipande vya ukoka Julai ni kujichosha, kwa kuwa kwenye baridi haukui haraka. Kata mapande ya nyasi nyuma ya goli, unene wa sentimita 4 pamoja na udongo, uyapange golini yabanane, uyashindilie, na mazoezi ya makipa yahamie kwingine kwa wiki tatu au nne. Usifyeke chini ya milimita 25, wala kuondoa zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkupuo mmoja. Kabla boza lijalo halijafungua bomba, chomeka bisibisi ndefu ardhini: ikizama sentimita 10 bila kulazimishwa, hapo bado pana maji, peleka sehemu nyingine.