Maswali kwa Fundi Kodi: MQTT kwenye Node inakubali, kwenye brauza inagoma

Safari hii maswali mengi yaliyoingia ni ya MQTT.js, ile laibrari ya JavaScript ya kutuma na kupokea meseji kwa MQTT (itifaki nyepesi ya vifaa kama sensa) kupitia broka, yaani seva ya kati inayopokea meseji na kuzigawa. Nimechukua machache maana mengine ni yaleyale kwa maneno tofauti.

Habari fundi. Nina dashibodi inayosoma joto kutoka kwenye sensa, data inapitia broka ya Mosquitto. Nimepiga `npm install mqtt`, nikaandika `mqtt.connect` na anwani ya `mqtt://` poti 1883, kwenye Node ikakubali hapohapo na meseji nikaziona, sasa kodi hiyohiyo nikiitia kwenye brauza hakuna kitu, inajaribu inakata inajaribu inakata. Nimefuta node_modules nikainstoli upya, nimebadilisha vasheni, wapi. Laibrari ni mbovu au ni mimi?
*Wa dashibodi*

Laibrari ni nzima, na node_modules umeionea bure. Kuinstoli ni huo mstari mmoja tu na ulishamaliza, shida yako ni anwani. Node, inayoendesha JavaScript nje ya brauza, inaruhusiwa kufungua TCP tupu, yaani koneksheni ya moja kwa moja isiyopitia HTTP, ndo maana `mqtt://` na 1883 vinapita, ila brauza, yoyote ile, hairuhusu kodi ya ukurasa kufungua TCP namna hiyo, mlango uliopo kwa MQTT ni websoketi, koneksheni inayoanza kama HTTP kisha inabaki wazi. Sasa broka yako pale 1883 inasubiri MQTT kavu, brauza inakuja inaanza na salamu ya HTTP, broka haielewi inakata, laibrari inajaribu tena baada ya sekunde 1 kwa sababu ndivyo ilivyosetiwa, na wewe unaona mzunguko usioisha. Usishangae sana, MQTT ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yanayoripoti kwa setilaiti, brauza haikuwa kwenye hesabu kabisa, websoketi yenyewe imekuja kuwa kiwango rasmi 2011.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwa broka, siyo kwenye JavaScript. Fungua `mosquitto.conf` uongeze listener, yaani poti ambayo broka inasikiliza, `listener 9001` na chini yake `protocol websockets`. Ile 1883 nayo iandike waziwazi, `listener 1883`, maana ukishaandika listener yako yoyote, ile ya kawaida haijifungui tena yenyewe, halafu sensa zikinyamaza utadhani nimekuharibia mtambo. Zima broka, iwashe, kisha kwenye kodi weka `ws://` na poti 9001. Namba 9001 ni mazoea tu ya watu wa Mosquitto, siyo sheria. Wanaotumia EMQX, broka nyingine, websoketi iko 8083 na lazima anwani imalizie na `/mqtt`, hicho kipande cha mwisho kinasahaulika sana.

Ukifika hapo huenda ukakutana na `Connection refused: Not authorized`, na hii inawanasa wanaofuata maelekezo ya zamani. Tangu Mosquitto 2.0, iliyotoka Desemba 2020, broka haimpokei mtu asiye na jina na paswedi kwenye listener uliyofungua mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Wengi wanakimbilia `allow_anonymous true`, sawa, kwa kujaribu kwenye mashine yako mwenyewe haina neno, ila kwenye seva iliyo wazi mtandaoni hapana, mtu yeyote atasoma sensa zako na kuandika anachotaka. Tengeneza faili la paswedi kwa `mosquitto_passwd -c`, lielekeze kwa `password_file` kwenye konfigi, upande wa JavaScript weka `username` na `password` kwenye opsheni. Na hiyo `-c` ni ya mara ya kwanza tu, ukiirudia ili kuongeza mtu wa pili inaandika faili upya na wa kwanza anapotea.

La mwisho kabla hujaniandikia tena wiki ijayo: ukipandisha dashibodi kwenye seva yenye HTTPS, `ws://` itazuiwa na brauza hata kabla haijatoka, inatakiwa `wss://`. Mi napenda Nginx, seva ya wavuti, ishike cheti cha HTTPS mbele, ndani ipitishe kwa broka, ukikumbuka kupitisha vichwa vya `Upgrade` na `Connection`. Nginx ina `proxy_read_timeout`, muda wa kusubiri data kabla ya kukata, ya sekunde 60 usipoigusa, na keepalive ya MQTT.js, muda wa kukaa kimya kabla ya kuiambia broka bado nipo, nayo ni sekunde 60 usipoigusa, sipendi namba hizo mbili zikae sawa, weka `keepalive: 30` ujiepushe na koneksheni zinazokatika bila sababu ya kueleweka. Halafu ile `rejectUnauthorized: false` inayozunguka kwenye mifano ya watu ni ya Node, kwenye brauza haisaidii chochote.

Fundi mimi naunganisha vizuri kabisa ila nikifungua tabu ya pili zote mbili zinaanza kukatika na kuunganika kila sekunde, konsoli imejaa `reconnect` na `close`, hakuna eror hata moja. Nimeongeza `reconnectPeriod` zikawa zinakatika polepole zaidi lakini bado.
*React ananimaliza*

Umeandika `clientId` kwa mkono, bila hata kuiona kodi yako nakwambia. Sheria ya MQTT ni kwamba ID moja mtu mmoja, akija wa pili na ID ileile broka inamtoa wa kwanza, wa kwanza naye anarudi kwa nguvu anamtoa wa pili, na kuongeza `reconnectPeriod` ni kuwapa muda wa kupumua kabla hawajatoana tena. Eror huioni kwa sababu kwenye MQTT 3.1.1, ambayo ndo MQTT.js inatumia usipoiambia kitu, broka inakata tu kimya bila kutoa sababu. Ukitaka kuthibitisha weka `protocolVersion: 5` na usikilize tukio la `disconnect`, kama broka yako inaongea MQTT 5 itakuletea namba 142, maana yake kuna mwingine kachukua nafasi yako.

Dawa ni kuiondoa hiyo `clientId`, laibrari itajitungia ya bahati nasibu inayoanza na `mqttjs_`. Na kwa kuwa ni React, angalia `useEffect` yako, StrictMode, ile hali ya ukaguzi ya React, wakati wa kudevelopu inaifunga na kuifungua komponenti mara mbili makusudi, kama hurudishi funksheni yenye `client.end()` unabaki na koneksheni mbili kutoka tabu moja. Usizime StrictMode, imekuonyesha tatizo lililokuwepo.

Meseji zinafika lakini badala ya maandishi napata mlolongo wa namba.
*Mgeni wa JavaScript*

Hizo ni baiti. MQTT haijui maandishi wala JSON, inabeba baiti tu. Tumia `message.toString()`, na kama ni JSON ndo uipeleke kwa `JSON.parse`, ila uizungushie `try` maana siku sensa ikituma meseji nusu, skrini nzima italala.

Nataka mtu akizima simu akirudi azikute meseji zote zilizotumwa akiwa hayupo. Nimeweka `clean: false`, nimeweka QoS 1, bado anarudi mikono mitupu.
*Mwenye app ya oda*

Hapa ndo ushauri niliompa huyo wa React unageuka. Hiyo `clean: false` inaiomba broka isifute sesheni yako, yaani kumbukumbu zako, ukiondoka. Ila ili ikutunzie meseji lazima ikutambue ukirudi, na inakutambua kwa `clientId`, kwa hiyo wewe unaihitaji isiyobadilika, ukiiacha ya bahati nasibu kila ukirudi wewe ni mgeni. Itunge mara moja, ihifadhi `localStorage`, isome kila ukiunganisha. Lakini `localStorage` inashirikiwa na tabu zote, ukifungua mbili unarudi kwenye ugomvi wa hapo juu, kwa hiyo ama uzuie tabu ya pili isiunganishe, ama utumie `sessionStorage` ukijua tabu ikifungwa ID inakufa nayo. Kwa app ya oda mi ningezuia tabu ya pili.

Cha pili, QoS, kiwango cha uhakika wa kufikisha meseji, hiyo 1 umeiweka wapi? Inatakiwa pande zote, anayetuma na anayesabskraibu, broka inachukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili, na ukisabskraibu bila kusema kitu ni 0. Na kama uko kwenye `protocolVersion: 5`, `clean: false` peke yake haitoshi, weka na `sessionExpiryInterval` ndani ya `properties`, kwa sekunde, usipoiweka inahesabiwa 0 na sesheni inafutwa pale tu koneksheni inapokatika.

Ila niseme ukweli, oda za watu mi nisingezilaza kwa broka. Zihifadhi kwenye databesi, mtu akirudi azivute kwa HTTP ya kawaida, MQTT ibaki ya kumpigia hodi kwamba kuna kipya.

Paswedi ya broka nimeificha kwenye faili la `.env` (la mipangilio) la Vite, zana ninayojengea app, inatosha?
*Mwoga*

Haitoshi. Kila unachokitumia kinachoanza na `VITE_` kinaingia kwenye kodi inayoshuka kwa mtumiaji, akifungua zana za brauza anaisoma. Seva yako impe kila mtu aliyeingia tokeni yake ya muda mfupi, aitumie kama `password`, broka iihakiki, na kwenye ACL, orodha ya ruhusa ya broka, umfungie topiki zake tu, yaani majina ya njia za meseji zake. Kama hilo ni zito kwa sasa basi angalau tengeneza akaunti ya kusoma tu kwa ajili ya brauza, ya kuandika ibaki kwenye seva.