BGP haina saa: ushauri kwa mnaoanza kurekebisha njia za intaneti kwa vipimo vya CDN

BGP, itifaki ambayo mitandao ya intaneti huitumia kuelezana njia, huchagua njia kwa sera na kwa idadi ya mitandao inayopitiwa. Haina saa. Njia ya mitandao miwili inayoishia humo humo Nairobi na njia ya mitandao miwili inayozunguka Marseille, kwake ni sawa. Mwenye saa ni CDN, yaani mtandao wa kusambaza maudhui: kila mteja anapofungua picha au video, seva hupima pakiti zinatumia muda gani kwenda na kurudi. Mhandisi wa mtoa huduma akijua kuvisoma vipimo hivyo, ataona wateja wake wanazungushwa wapi.

Anza na hesabu ya mwanga. Ndani ya faiba mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za mkongo hula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Mteja wa faiba Nairobi anayehudumiwa na seva ya Nairobi anapaswa kuona milisekunde chache tu. Kipimo chake cha chini kabisa kikiwa 150 siku nzima, acheni kumwambia azime na kuwasha rauta. Pakiti zake zinavuka bahari.

Kujua anahudumiwa na kituo gani ni rahisi kwa tovuti zilizo nyuma ya Cloudflare: ongeza /cdn-cgi/trace mwishoni mwa anwani ya tovuti, kisha tafuta mstari wa colo. NBO ni Nairobi, MBA Mombasa, DAR Dar es Salaam, MRS Marseille. Ni vifupisho vya viwanja vya ndege. Pima kwenye laini ya mteja, kwa sababu laini ya ofisi mara nyingi ina njia yake ya kutokea.

Kama mna seva yenu ya Linux inayohudumia wateja, amri ya ss -ti itaonyesha kwa kila muunganisho kitu kama rtt:41/18 na minrtt:6.8: rtt ni muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, minrtt ni ule wa chini kabisa. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Ile 41 imebeba foleni, Wi-Fi ya chumba cha pili na redio ya simu. Ile 6.8 ndiyo iliyo karibu zaidi na urefu halisi wa njia. Kusanya minrtt, uzipange kwa AS (namba ya mtandao), kwa kila /24 (kundi la anwani 256) na kwa kituo kilichohudumia, halafu chukua thamani ya katikati badala ya wastani, maana vipimo vichache vya ajabu huvuta wastani juu. Wateja wa simu watenge na wa faiba. Kundi lenye vipimo ishirini kwa siku nzima liache kwanza.

Sasa kosa ambalo mtakutana nalo zaidi. Mtandao wenu unatangaza 198.18.0.0/20 (ni mfano tu), yaani unaiambia mitandao mingine kuwa anwani hizo zinafikika kwenu, kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, tuseme KIXP cha Kenya. Zamani mtu aliigawa hiyo /20 kuwa vipande 16 vya /24 akavitangaza kwa mtoa huduma wa kimataifa ili kusawazisha mzigo. CDN imeunganishwa nanyi KIXP na sera yake inawapendelea, lakini rauta huangalia kwanza tangazo lililo mahususi zaidi. /24 inaishinda /20 kabla localpref (kipaumbele ambacho mtandao huipa njia) wala urefu wa njia havijaulizwa. Maudhui yaliyo mtaa wa pili yanarudi kwenu kupitia ng'ambo, nanyi mnalipia.

Traceroute ya mteja, amri inayoorodhesha rauta za njiani, haitawaonyesha hilo, kwa kuwa inaonyesha njia ya kwenda, na video huja kwa njia ya kurudi. (Rauta ya katikati ikionyesha 200 huku mwisho wa safari ni 7, iacheni, imechelewa kujibu tu.) Angalieni trafiki inayoingia kwenye mlango wa KIXP na ule wa kimataifa, kisha tazameni RIPEstat, tovuti ya takwimu za njia za intaneti, mjue ni matangazo gani yanaonekana duniani. Dawa ni kutangaza /24 zilezile KIXP pia, au kuziondoa kwa mtoa huduma wa kimataifa na kubaki na /20. Mkichagua ya kwanza, hakikisheni ROA yenu (hati ya kidijitali inayosema ni mtandao gani unaruhusiwa kutangaza anwani hizo) inaruhusu urefu hadi 24. Ikiishia 20, matangazo hayo yatahesabiwa batili na mitandao mingi itayatupa.

Si kila ucheleweshaji ni wa BGP. CDN inayochagua kituo kwa DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, humtazama anayeuliza jina, na kama wateja wenu wanatumia seva ya DNS iliyo Ulaya, wanaweza kupewa kituo cha Ulaya hata kama njia zenu ni safi. Wekeni seva ya DNS nchini. Na minrtt ikiwa 7 lakini baiti ya kwanza inakuja baada ya 300, njia haina kosa: seva inaelekea kuwa haikuwa na faili hilo, ikalifuata mbali.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, mkianza na /24 moja, na muandike usanidi wa zamani kabla hamjagusa. Linganisheni saa kwa saa, saa mbili usiku ya leo na saa mbili usiku ya siku kama hiyo wiki iliyopita, maana foleni ya jioni huficha mengi. Siku za hitilafu kubwa zitoeni kwenye hesabu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja, na trafiki ya Afrika Mashariki ikapita popote palipobaki wazi. Mtu akipanga sera kwa vipimo vya wiki ile, anawapangia wateja njia za dharura.