Kabla Hujafungua Stendi ya Kamera kwenye Shamba la Mtu

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kutoka Morogoro. Alikopa kwenye kikoba, akakodi kamera na taa, akawasafirisha waigizaji wake hadi shambani kwa mzee aliyemkubalia kwa mdomo. Kabla jua halijapanda vizuri, akatokea shemeji wa yule mzee na kuwafukuza wote. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, kibali cha Bodi ya Filamu ninacho mkononi, sasa walinifukuzaje?"

Nilimjibu kwa kifupi siku ile ile. Leo namjibu kwa urefu, kwa sababu wengi mnaonisoma mko kwenye safari hii hii ya kutengeneza filamu kwa hela ya kuungaunga, na nyumba au shamba la mtu ndiyo studio pekee mnayoimudu.

Kibali cha Bodi ni lazima. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, na maombi yanaambatana na maelezo ya filamu na maneno yatakayosemwa. Msikwepe hilo. Lakini karatasi ile ni ruhusa ya serikali kwamba filamu itengenezwe. Haikufungulii geti la mtu. Shamba lina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana mke, ana kaka, ana shangazi, ana jirani wanayegombania naye mpaka wa shamba tangu enzi za babu.

Na mtu anayekukatalia kushuti kwake mara nyingi hana shida yoyote na kamera. Anahofia ardhi. Mwangalieni kwa macho yake: wanashuka wageni kwenye Noah, wanatembeatembea shambani wakinyoosha vidole, mmoja ana karatasi, mwingine anasimamisha kitu chenye miguu mitatu. Nani mwingine huja hivyo kijijini? Wapima ardhi. Wanaokuja kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya mwekezaji, kwa ajili ya kesi. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Mimi nililielewa Bagamoyo, na hadi leo moyo haujapoa.

Tulipata shamba la minazi linaloangalia bahari, zuri kuliko lolote nililokuwa nimeliona. Mwenyewe anaishi Dar es Salaam. Tulizungumza naye kwenye simu, tukakutana naye, akakubali, akapokea nusu ya malipo taslimu mbele ya prodyuza wangu. Asubuhi ya kushuti tulikuwa tumeshapanga taa, na mama mmoja mtu mzima, aliyecheza kama bibi, amekaa kwenye mkeka akirudia maneno yake. Amekuja kutoka Temeke kwa kuunganisha magari mawili, kavaa kanga zake mwenyewe kwa sababu bajeti ya mavazi iliisha. Akaja mtu na panga. Akasema shamba lile lina mgogoro, suala liko baraza la ardhi la kata, na sisi ni watu wa mnunuzi tuliokuja kupiga picha za kuuzia. Nilimwonyesha kibali. Hakukitazama. Alimgeukia yule mama na kumtukana matusi ambayo sitayaandika hapa, mtu wa umri wa mama yake. Tulimpigia mwenye shamba, simu ikaita mara moja, kisha ikazimwa. Haikuwashwa tena.

Hela ile haikurudi. Hela ya kamera haikurudi. Filamu ile haikumalizika. Yule mwenye shamba alijua ana mgogoro, akatuuzia ruhusa juu ya mgogoro wake, na sisi ndio tulioshikiwa panga. Sijamsamehe, na sioni haya kulisema.

Ndiyo maana hii ya majuzi imenifurahisha kiasi hiki. Tumemaliza kushuti Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, katika kijiji kimoja juu ya Marangu, na tumeondoka tukisindikizwa na ndizi na mbege, ile pombe ya ndizi. Niwaeleze ilivyokuwa.

Anayejua Uchagani anajua kihamba si shamba tu. Pale pana migomba, chini yake kahawa, juu yake mringaringa na miti mingine mikubwa, mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita, na katikati ya hayo yote wamelala wazee wa ukoo. Makaburi yako hapo hapo nyumbani. Kwa desturi kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, lakini ndugu wote wana sauti, na Desemba wote wanapanda mlimani kuhesabiana. Kwa hiyo kijana niliyemfahamu Dar es Salaam, mwenye nyumba kwa maana hiyo, aliponiambia, "Nendeni tu, hakuna shida," nilimshukuru, kisha nikamwuliza: "Nyumbani kwenu, anayefungua mlango asubuhi ni nani?" Akacheka. Akanitajia shangazi yake.

Nikapanda bila kamera. Nawaambia wanangu kwenye kazi hii: mara ya kwanza nenda mikono mitupu, au nenda na sukari. Tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukamwachia barua ya utambulisho, naye akatupeleka mwenyewe. Shikamoo ikatangulia. Shangazi alitukalisha, akatuuliza kwetu ni wapi, wazazi wako hai, nimeoa. Filamu hakuitaja mpaka chai imeisha. Mimi pia sikuitaja. Kisha akasimama, akachukua fimbo, akasema twende.

Alituzungusha mpaka wote wa kihamba. Kila alipofika kwenye masale alisimama. Kwa asiyeyajua, ni mmea wa majani marefu ya kijani, unaweza kudhani ni ua la kupendezesha njia. Kwa Wachaga ndiyo alama ya mpaka, hupandwa pia makaburini, na ndilo jani analobeba mtu anapokwenda kuomba msamaha. "Haya yalipandwa na baba yangu na kaka yake," alisema, "na siku yakiguswa watoto wao hawatazikana." Mwisho akatuonyesha kwa fimbo pale ambapo kamera haitaelekezwa kamwe, upande wa makaburi. Nikaandika yote kwenye daftari mbele yake, nikamsomea nilichoandika, akanisahihisha jina la mfongo.

Mzunguko ule ndio ulioniokoa. Siku ya kushuti kijana wa taa aliona majani yanamzibia mwanga, akaomba panga kwa mfanyakazi wa pale, akalinyanyua. Nilimdaka kiwiko. Yalikuwa masale ya mpakani. Tulihamisha taa, tukabadilisha pembe ya kamera, na lile tukio likatoka zuri kuliko tulivyopanga. Kama nisingetembea na shangazi, lile panga lingeshuka.

Na ile hofu ya upimaji nayo ilikuja, kama ninavyowaambia. Baba mdogo wa yule kijana anakaa kihamba cha jirani. Alikuja ameshika fimbo, hakusalimia, akaenda moja kwa moja kwenye stendi. Akainama. Kwenye stendi za kamera pana kile kikopo kidogo chenye maji na povu ndani, cha kuangalia kama imesimama sawa. Vifaa vya wapima ardhi navyo vina povu hilo hilo. Akaweka kidole juu yake: "Hii naijua. Mnapima nini hapa?" Vijana wangu walianza kujieleza wote kwa pamoja. Niliwanyamazisha, nikamwamkia, nikamwomba mzee atazame mwenyewe kwenye kioo cha kamera. Akatazama kwa muda mrefu. Aliyemwona mle ndani alikuwa ng'ombe wake, bandani, anatafuna majani ya mgomba. Kisha nikampa ile karatasi tuliyosaini na familia, yenye muhuri wa kijiji, aisome kwa nafasi yake. Aliisoma yote. Akauliza kwa nini jina lake halimo. Tukaliongeza hapo hapo, kama shahidi wa upande wa mpaka wake.

Hiyo karatasi ndiyo ninayotaka mwitengeneze, na isiwe ndefu. Majina ya pande mbili. Tarehe za kazi, na saa ya kuanza na kuondoka. Maeneo yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, yatajwe kwa majina wanayoyatumia wenyeji. Filamu itaonyeshwa wapi. Kitu kikivunjika au mgomba ukikatika nani analipa. Halafu sentensi ambayo hamtaikuta kwenye fomu za kudownload: kwamba watengeneza filamu hawadai wala hawapati haki yoyote juu ya ardhi hii, hawajaipima, na picha hazitatumika kuiuza. Sentensi hiyo isomwe kwa sauti. Nimeona mabega ya watu yakishuka inaposomwa.

Nani asaini? Mwenye hati, na mwenzake wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mtu kuuza, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo saini ya baba peke yake mimi siipokei, hata kama ni ya siku moja. Pale ambapo ardhi ni ya ukoo, asaini pia anayeishi hapo. Kwenye ardhi ya kijiji msimruke mtendaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo, na mtendaji ndiye atakayekwambia kama eneo lina kesi. Mwulizeni waziwazi: "Mzee, hapa pana mgogoro?" Swali hilo lingeniokoa na Bagamoyo.

Vijana, nawasihi, acheni haraka. Acheni kuingia kwa watu kwa jina la sanaa kana kwamba sanaa ina ufunguo wa kila mlango. Mnalalamika wananchi hawathamini filamu zetu, na ninyi hamjawathamini hata kwa shikamoo. Ruhusa ni ya watu, na watu wanataka muda wenu kabla ya hela yenu. Droni msiirushe kwa mazoea: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na jirani naye ajulishwe, maana inapita juu ya paa lake na yeye hajasaini chochote.

Malipo hamtaki niyaache, najua, mnaniuliza kila siku. Kiwango sitaji, kila mahali pana bei yake. Ila lipeni kwa simu, kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi, ili ujumbe ubaki. Kule juu tulimtumia kijana mwenye nyumba malipo yote kabla ya kuanza, shangazi tukampelekea sukari na kitenge kama zawadi yake, na hatukuviita malipo. Baba mdogo alikataa hela, akasema ng'ombe wake asikatwe kwenye filamu. Ng'ombe naye ameandikwa kwenye karatasi, na nakala moja iko kwa mwenyekiti wa kitongoji.